Mlango wa otomatiki ulokuwa ukilia kama mkokoteni, na fundi wa tatu ndo aliyetuokoa (nyota 4)

Kuna leso (kanga) imeandikwa kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Aliyeyatunga hayo maneno hakuwahi kuwa na mlango wa vioo wa kujifungua wenyewe, hilo naapa. Mie nimekosa usingizi karibu miezi mitatu kwa sababu ya mlango, na hata silali pale kwenye jengo, nalala zangu mtaa wa Tudor, hapa hapa Mombasa, lakini simu za wapangaji zilikuwa zanifuata mpaka kitandani.

Kwa hivo hii ni rivyu ya fundi. Ni wale wawili wa sevisi ya milango ya otomatiki wenye kijiduka upande wa Mwembe Tayari. Jina na namba siwezi kuzimwaga hapa, mzee mwenyewe hajaniruhusu na simu yake hata sasa kuipata ni bahati, anayemtaka aniulize inboksi. Nampa nyota nne. Ya tano ntawaambia ilipotelea wapi.

Nasimamia jengo la ghorofa nne la mjomba wangu, si mbali na Digo Road. Chini kuna duka la dawa na saluni, juu daktari wa meno, halafu ofisi za klaringi mbili tatu, wale wa kutoa mizigo bandarini (hapa Mombasa jengo gani halina ofisi ya klaringi), na kule mwisho chuo cha kompyuta. Yaani mlango haupumziki. Ni ule wa vioo viwili vya kuteleza, mtu akikaribia wafunguka, akishapita wajifunga, na ulipowekwa miaka sita iliyopita watu walikuwa wapita mara mbili mbili kwa raha tu.

Kelele ilianza mwezi wa tano, kusi imeshika kasi, ule upepo unaoleta chumvi mpaka kwenye meno. Mwanzo ilikuwa nyiii kidogo hivi, ukiisikia wasema ni panya. Baada ya wiki mbili ikawa kwaruuu, halafu tok tok tok, halafu pa! vioo vikikutana. Daktari wa meno akanipigia, akaniambia dada, wagonjwa wangu wamekaa pale kwenye viti wakiusikia huo mlango wanadhani ni mashine yangu, jana mmoja kainuka kaenda zake. Nikacheka kisha nikaona si jambo la kucheka, yule hulipa kodi kwa wakati kuliko wote.

Babu wetu wa getini akasema ni ukavu tu huo, akaupaka mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi jamani. Siku mbili mlango mzima ukanuka kama jikoni siku ya Ijumaa na kelele ikawa iko pale pale.

Fundi wa kwanza nilimpata kwa haraka, wa madirisha ya alumini, alikuja na boda na bisibisi moja. Alifungua kifuniko cha juu, akashindilia grisi kwenye reli kama mtu anayepaka siagi mkate, akafunga, akachukua shilingi 3,500, akaenda. Wiki mbili kimya. Nikamsifu kwa kila mtu, hata kwenye grupu la familia nikamsifu. Wiki ya tatu kelele ikarudi na ndugu zake. Baadae ndo nikaja kuelewa kwa nini, lakini wewe fikiria tu mchanga na vumbi la mji huu vikikutana na grisi, wapata uji mzito wa msasa, na magurudumu yanasagika humo kutwa kucha.

Wa pili ilikuwa kampuni, siitaji, walikuja na mashati yenye nembo. Kijana wao akapiga picha tatu na simu bila kupanda hata ngazi, jioni nikaletewa kwotesheni: mashine yote ya juu itolewe, mota, belti, kompyuta yake, kila kitu kipya, shilingi 185,000 na nusu ilipwe kabla. Mjomba alipoiona akaniuliza hii ni bei ya mlango ama ni mahari.

Huyu wa tatu nilielekezwa na jamaa wa mentenansi wa hoteli moja kule Nyali, akaniambia sisi tuko usoni mwa bahari, kama kuna mtu ajua milango inavyoliwa na chumvi ni huyo mzee. Nikampigia. Akasema Jumamosi saa mbili asubuhi. Akaja saa tano kasoro. Ati alipitia kazi ya dharura Mtwapa. Nusu ya ile nyota iliondokea hapo hapo.

Alikuja na binti mmoja wa miaka kama ishirini hivi, mtoto wa nduguye, amwita ami, na ndiye aliyebeba mkoba wa vyombo. Nikangoja wafungue mkoba. Hawakufungua. Mzee akamwendea babu wa getini, wakaamkuana vizuri pale, habari za nyumbani habari za shamba, kisha akaanza kumuuliza. Kelele yaja ukifunguka ama ukifunga? Mwanzo wa safari, katikati ama mwisho? Asubuhi yalia zaidi ama jioni? Stima ikipotea ikarudi, hubadilika? Babu akajibu yote, yote nawaambieni, yule mzee akaa na huo mlango saa kumi na mbili kwa siku na katika mafundi watatu huyu ndo wa kwanza kumuuliza kitu. Na mie mwenyewe sikuwahi kumuuliza, nilijua tu kumgombeza kwa yale mafuta.

Halafu akasimama ndani hatua tatu kutoka mlangoni, kafumba macho, akimwacha binti aingie na kutoka, aingie na kutoka, mpaka wateja wa saluni wakaanza kuchungulia. Akazima umeme wa mlango kwenye swichi. Akaniita. Mama, sukuma kwa mkono, polepole. Nikasukuma kioo cha kushoto: tok, tok, tok, vile vile kama siku zote. Akaniambia, ukiusukuma kwa mkono bila stima na bado walia, basi shuku magurudumu na reli kwanza kabla hujailaumu mota. Upande wa kulia, unaovutwa na belti ile ile, ukateleza kimya kabisa. Huu, akasema, ukinyamaza kwa mkono ukalia kwa stima, tuanze kuutafuta kwenye belti na mapuli, yale magurudumu yanayoizungusha belti. Dakika mbili! Na bure! Yaani hicho kitu hata wewe unayesoma hapa waweza kukifanya kabla hujamwita mtu yeyote, ilimradi mlango wako si wa kujiloki umeme ukizimwa, na vidole uviweke mbali na pale vioo vinapokutana.

Wakapanda ngazi wakatoa kifuniko, na mie nikapandishwa nione, na gauni langu hivo hivo. Ni hivi, kila kioo kimening'inia kwa juu kwenye magurudumu madogo ya plastiki ngumu, yetu yalikuwa manne kila upande, yanatembea juu ya reli ya alumini. Ndani ya kila gurudumu kuna beringi. Chumvi imeingia, beringi mbili za kushoto zimeshika kutu zikakwama, gurudumu halizunguki tena laburutwa tu, likiburutwa laisha upande mmoja, lapata bapa. Ile tok tok ndo bapa lenyewe, kila likija likazunguka lagonga. Na gurudumu likiisha kioo nacho chashuka milimita kadhaa, kikishuka chaanza kukwaruza chini kwenye kizingiti na kwenye kile kidude cha kukielekeza kisiyumbe, hapo ndo kwaruuu yatoka. Kwa hivo nilidhani nina ugonjwa mmoja kumbe kelele zangu zilikuwa tano na kila moja ina mama yake. Nyiii ilikuwa puli ya mwisho wa belti, beringi yake kavu, na belti yenyewe imelegea. Pa! ilikuwa kasi ya kufunga, ilikuwa imepandishwa mno. Na ile chaka chaka iliyokuwa yaniudhi kuliko zote? Skrubu mbili za kifuniko hazipo. Fundi wa kwanza alikwenda nazo ama alizitupa, Mungu ndo ajuaye.

Sasa kuna jambo hapa lilinitoa jasho. Binti alikuwa afuata waya kwa kidole, akamwita, ami hebu tazama. Ile sensa ya usalama, macho mawili madogo yanayotazamana pembeni mwa mlango ili usimfungie mtu aliyesimama katikati, ilikuwa imerukwa. Mtu kaunganisha waya mbili pamoja ili mashine idhani kila wakati njia ni nyeupe. Mzee akanyamaza, hakusema kitu kama dakika nzima. Mie nikakumbuka mwezi wa sita bibi mmoja alibanwa kikapu chake pale, tukamwambia pole bibi ulichelewa kupita. Kumbe. Kile kitabu cha mlango chenyewe kimeandikwa umeundwa kufuata EN 16005, zile kanuni za Ulaya za usalama wa milango ya umeme, na sisi hapa tumeunganisha waya mbili tukaenda kunywa chai. Mzee akasema hii nairudisha leo hii hii, na kama hutaki sifanyi kazi yako nyingine. Nikamwambia mzee wangu rudisha hata sasa hivi.

Nikadhani tumemaliza. Akaniuliza, mama, hapo nje ni nani katundika lile bango? Lilikuwa bango la kitambaa la saluni, ofa za kusuka, limening'inia kwenye kamba mbele ya mlango, lapepea na upepo. Akasema tangu tufike nimehesabu, mlango umefunguka mara thelathini na kitu na waliopita hawafiki kumi na tano. Ile rada iliyo juu ya mlango haijui mtu wala bango, yenyewe yaona kitu kinachotembea tu. Upepo ukivuma bango lacheza, mlango wafunguka, wafunga, wafunguka, hata usiku wakati jengo tupu na babu kalala. Yaani huu mlango umefanya kazi ya miaka kumi na mbili ndani ya sita. Hapo nikaelewa kwa nini stima yetu ilipanda na kwa nini duka la dawa wanalalamika eisi, yaani kiyoyozi, haipozi. Na kampuni ya 185,000 wangetuwekea mashine mpya chini ya bango lile lile, ingekufa vile vile.

(Kidogo tu nje ya mada, niliposoma soma nikaona hii milango ya umeme ya kuteleza walibuni Lew Hewitt na Dee Horton mwaka 1954 huko Corpus Christi, Texas, mji wa pwani, kwa sababu upepo wa huko ulikuwa ukiisumbua milango ya kusukuma. Sasa tazama, kitu kilizaliwa kwa sababu ya upepo wa bahari, na hapa kwetu upepo wa bahari ndo unaokizika.)

Bei sasa, maana najua wengine mmeruka mpaka hapa. Magurudumu manane kwa 1,200 kila moja, 9,600. Beringi ya puli 800. Vile vidude vya chini viwili 2,400. Kazi 7,000. Jumla 19,800, nikamtumia kwa Mpesa. Mie nilitaka abadilishe magurudumu mawili tu yaliyoharibika, tukavutana kidogo hapo, mie mtu wa hesabu. Akaniambia mama, jipya na kuukuu yakibeba kioo kimoja, jipya labeba mzigo wote peke yake, utaniita tena kabla ya Ramadhani, na mie nafurahi kuitwa lakini wewe hutofurahi. Nikalipa manane.

Nusu ya pili ya nyota ilienda kwenye spea. Mombasa hakupata saizi, zikaagizwa Nairobi kwa basi, siku nne. Siku nne mlango umezimwa, uko wazi, eisi yapoza barabara, vumbi laingia, paka aliingia mpaka kaunta ya dawa. Angeniambia mapema kwamba saizi hiyo ni ya kuagiza ningepanga mambo yangu.

Walirudi Jumatano usiku, jengo limefungwa, wakafanya kazi kuanzia saa mbili hadi karibu saa sita. Nilikaa nikawatazama na thamosi yangu ya kahawa. Saa nzima ya kwanza ilikuwa kusafisha tu. Brashi kavu, mashine ya kuvuta vumbi, halafu vitambaa na spiriti wakitoa ile grisi, uchafu mweusi ti kama wanja, ndoo nusu. Nikauliza sasa utapaka nini badala yake? Akasema reli haipakwi kitu. Gurudumu la plastiki juu ya alumini lataka usafi tu, ukitia mafuta waita vumbi. Belti ndo usiiguse kabisa na mafuta, ni raba. Zile raba za pembeni za kuziba upepo, zikilia, pangusa na kitambaa chenye silikoni kidogo, si mafuta ya gari, hayo yaifanya raba ivimbe. Babu wa getini alikuwa asikiliza pembeni, kainamisha kichwa, mafuta ya nazi hayakutajwa na mtu yeyote.

Kisha magurudumu, kisha kuinua vioo virudi kimo chake, kupima pengo la chini kwa kipande cha kadi, kukaza belti, akiibonyeza kwa kidole gumba katikati na kusikiliza, kupunguza kasi ya kufunga. Rada akaishusha itazame chini karibu na mlango isiende kutazama barabara na matuktuk. Alipowasha stima mlango ukaanza kujikokota polepole sana, nikasema haya, umekufa. Kumbe ukirudishiwa umeme hujifunza upya mwanzo na mwisho wa njia yake, wenda taratibu mara moja mbili na hautakiwi kuguswa. Babu wetu kila stima ikirudi alikuwa ausukuma, ati ausaidia. Lilikuwa kosa letu hilo pia, mlango ulikuwa wajifunza vibaya kila mara.

Mapungufu mengine madogo: walituachia alama za mikono nyeusi kwenye ukuta mweupe pale juu, risiti aliandika kwenye karatasi ya daftari mpaka nikamfuata wiki nzima kupata yenye muhuri, na garantii ni ya mdomo, miezi mitatu, neno lake tu. Ingawa hilo neno alilitimiza, maana wiki ya saba kulikuwa na kisauti kipya chini, nikampigia (mara ya nne akashika), akaniambia chukua brashi kavu ya rangi utoe mchanga kwenye kile kidude cha kulia. Nikautoa. Kikaisha. Hakuniomba hata ya soda. Pia aliniambia betri za akiba zimevimba zibadilishwe, stima ikipotea mlango usikwame na watu ndani, nazo nilibadilisha mwezi uliofuata.

Bango la saluni tumelihamishia ndani ya dirisha. Mwenye saluni hajafurahi, anasema wateja hawalioni, hiyo ni vita nyingine.

Sasa ni mwezi wa tatu wa kimya, kusi imekwisha, kaskazi ndo hiyo yaingia. Daktari wa meno kaniletea keki. Mlango wafunguka husikii, wafunga husikii, mtu akiingia wamwona tu kashafika kaunta. Anayelalamika ni mmoja, babu wa getini. Alinijia Jumatatu, akanivuta pembeni kwa heshima zote, akaniambia mama, huu mlango sasa ni mgumu kwangu, zamani mtu akiingia nilikuwa naamka. Ataka tumwekee kengele.